Mikono Inayomtembeza Tembo

Chris Watson alikuwa mwanamuziki wa bendi ya Cabaret Voltaire ya Sheffield, Uingereza, kabla hajageuka kuwa mrekodi wa sauti za wanyama. Siku moja huko Maasai Mara aliweka maikrofoni ndani ya mbavu za pundamilia aliyekufa, akajitenga, akawasubiri tumbusi. Msikilizaji wa rekodi ile hakai pembeni mwa karamu. Amelazwa humo humo tumboni: nzi wanamzunguka, ngozi inachanika juu ya kichwa chake, na ndege wenye vifua vizito wanagombana kwa sauti za kukwaruza, sauti ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezisogelea kwa masikio yake mwenyewe.

Namtaja Watson mwanzo kabisa kwa sababu watu wa aina yake ni wachache, na kwa sababu alichokifanya kinatudanganya kuhusu filamu nyingine zote za wanyamapori. Tunadhani ndivyo zinavyotengenezwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya nyayo, mabawa, meno na majani tunayoyasikia katika filamu hizo haikutoka kwa mnyama tunayemwona. Imetoka kwa mtu aliyesimama chumbani, gizani, mikononi ameshika glavu kuukuu. Mimi si mtaalamu wa filamu. Ni mtazamaji wa kawaida, nipendaye mambo mawili ambayo wenzangu huyaona hayapatani, yaani vyombo vya angani na nyumbu. Kwa maoni yangu fundi wa sauti ndiye anayeyaunganisha, na hasifiwi vya kutosha.

Tuanze na shida yenyewe. Mpiga picha wa wanyama hukaa mbali. Lenzi yake ndefu humvuta simba hadi sebuleni kwako, ukahesabu nzi puani mwake, lakini sauti haivutiki hivyo. Husafiri kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mnyama aliye umbali wa kilomita moja huonekana akifungua kinywa sasa na kusikika baada ya sekunde tatu, tena sauti ikiwa imechanganyika na upepo, bati la gari linalopoa na kikohozi cha dereva. Picha za mwendo wa polepole ndizo bubu kabisa. Bawa lililopigwa kufumba na kufumbua likinyooshwa lijaze sekunde tano, sauti yake halisi ikinyooshwa nalo huwa mvumo usiotambulika. Na droni iliyowapiga picha nyumbu wakivuka Mto Mara, ukiitegea maikrofoni, itakurekodia kitu kimoja tu: droni.

Basi picha nyingi za porini hurudi nyumbani zikiwa nusu bubu, na nyumbani kwa nyingi kati ya zile maarufu ni Bristol, magharibi mwa Uingereza, kilipo kitengo cha BBC cha filamu za viumbe tangu 1957. Kazi ya kuzipa nyayo imebeba jina la Jack Foley, Mmarekani aliyezaliwa 1891 na kufanya kazi katika studio za Universal. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye na wenzake walisimama mbele ya picha inayotembea, wakarekodi hatua, vitasa na nguo sambamba na waigizaji. Foley alitembeza watu. Warithi wake wanatembeza dubu.

Vifaa vyao vingemchekesha mtoto. Theluji ni wanga wa mahindi uliofungwa kwenye mfuko wa ngozi: uminye, nao hutoa mkwaruzo ule ule mkavu wa unyayo kwenye barafu changa. Mfupa unaovunjika ni shina la seleri. Nyasi ni mkanda wa kaseti uliofumuliwa na kurundikwa sakafuni. Ndege anaruka kwa jozi ya glavu za ngozi zinazopigwa-pigwa, na akiwa mkubwa, kwa mwavuli unaofunguliwa na kufungwa haraka.

Lakini orodha ya vifaa haisemi ufundi uko wapi. Kila mtu anaweza kuminya mfuko wa wanga. Ufundi ni kujua dubu huyu ana njaa. Ana siku nyingi hajala, mguu wa nyuma unaburuta kidogo, uzito wake anautua kwa kusitasita. Hayo yote yapatikane kwenye kiganja cha mtu aliyeshiba, ambaye ameangalia kipande kile mara kadhaa hadi mkono wake unajua hatua kabla haijaja. Swala anayekuja kunywa maji anatakiwa asite kabla ya kuinamisha shingo, na huko kusita nako kuna sauti yake: jani moja linaguswa, kisha kimya. Fundi akichelewa kidogo tu, jicho linahisi kasoro hata kama mwenye jicho hawezi kuitaja. Akipatia, hakuna anayejua kama alikuwepo. Sijui kazi nyingine ambayo malipo ya ustadi wake ni kusahauliwa kiasi hicho.

Tembo ndiye mtihani mkubwa. Waulize wanaolima kandokando ya hifadhi watakwambia: usiku wa manane mwenye shamba hushtushwa na mahindi yanayovunjika, si na nyayo. Chini ya mguu wa tembo kuna pedi nene ya mafuta na nyama inayotanuka anapokanyaga, hivyo tani zake hutua kimya. Hata mazungumzo yake mengi hatuyasikii. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne, akiwa karibu na tembo kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi mtetemo hewani bila kusikia kitu. Baadaye ikathibitika kwamba tembo huitana kwa sauti nzito zinazoshuka chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, ambapo sikio la binadamu hukoma. Kwa hiyo tembo wa kweli, akitembea na akizungumza, kwetu ni karibu bubu. Fundi afanyeje? Mtazamaji anaona mlima unasogea. Akinyimwa kishindo atadhani televisheni imeharibika. Filamu mbaya humpa ngoma. Filamu nzuri, na hapa natoa hukumu yangu bila kuomba radhi, humpa vumbi: ngozi kavu ikisuguana, changarawe zikisogea chini ya kitu kipana, pumzi. Uzito unasikika bila kishindo. Huo ni uongo, naam, ila ni uongo uliomchunguza tembo.

Sasa njoo upande wa pili, kwenye filamu za kubuni za kisayansi, ambako ungetarajia kila mlio utoke kwenye mashine. Kumbe huku ndiko waliko wanyama wenyewe. Ben Burtt alipoajiriwa mwaka 1975 kutafutia sauti filamu ya Star Wars, iliyotoka 1977, alitembea na kinasa sauti akikusanya milio ya ulimwengu huu huu. Ndege za kivita za madhalimu, zile zinazopita zikipiga yowe, ni mlio wa tembo uliochanganywa na gari likipita kwenye lami iliyolowa. Chewbacca, jitu la manyoya, anazungumza kwa koo la dubu, pamoja na vipande vya simba na wanyama wengine. Bunduki za miale ni nyundo inayogonga waya wa kushikilia mnara wa redio. Upanga wa mwanga ni mvumo wa mota za projekta kuukuu uliounganishwa na mzizimo wa televisheni. Kisha Burtt akaupiga mvumo huo kwenye spika na kupunga maikrofoni mbele yake, ndiyo maana upanga ukizungushwa sauti nayo inazunguka.

Gary Rydstrom akafuata njia hiyo katika Jurassic Park ya 1993. Mngurumo wa yule dinosaria mkubwa una mtoto wa tembo ndani yake, pamoja na chui milia na mamba. Wale wadogo wenye makucha, wanaowinda watoto jikoni, wanaitana kwa sauti za kobe waliokuwa wakijamiiana. Nimewasimulia jambo hilo watu kadhaa wazima na hakuna aliyeweza tena kuogopa sehemu ile, kwa hiyo kama filamu hujaitazama, samahani. Na Godzilla wa Japani, mwaka 1954? Mtunzi Akira Ifukube alichukua glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, akaiburuta kwenye nyuzi za fidla kubwa ya besi, na rekodi ikapunguzwa kasi. Glavu ya ngozi tena. Bristol inarusha ndege; Tokyo ilibomoa mji.

Filamu ya wanyama inaazima jikoni, filamu ya anga inaazima porini, na nadhani sababu ni moja. Sikio la binadamu limekaa na wanyama muda mrefu kuliko lilivyokaa na injini. Linajua koo lenye pumzi na mate. Mlio uliotoka kwenye mashine tupu hutuvutia lakini hautushiki shingoni. Nakumbuka Forbidden Planet ya 1956, ambayo muziki na sauti zake zote za kielektroniki zilitengenezwa na mtu na mkewe, Louis na Bebe Barron. Kazi ya ajabu, ningependa kila kijana anayecheza na kompyuta aisikie. Haitishi, ila mara moja moja inahuzunisha, na nilielewa kwa nini niliposoma kwamba wawili hao walizibebesha saketi zao mzigo wa umeme kupita kiasi hadi zikaungua, wakirekodi namna zilivyokata roho. Hata wao walitafuta kitu kinachokufa.

Najua kuna watazamaji wanaokasirika wakiambiwa haya. Filamu ya wanyama, wanasema, ni ushahidi, na ushahidi haupambwi. Nawaelewa nusu. Upo udanganyifu unaonikera mimi pia, nao ni ule wa uvivu. Filamu za zamani za Tarzan zilijaza msitu wa Afrika kicheko cha kookaburra, ndege wa Australia, na hakuna aliyejali kwa sababu waliotarajiwa kutazama hawakuwa wakazi wa msitu wowote. Simba wa nembo ya kampuni ya MGM naye, katika sauti iliyoandaliwa miaka ya 1980 na Mark Mangini, ananguruma kwa milio ya chui milia, mnyama ambaye bara hili halimjui. Mangini mwenyewe ameeleza kwamba simba hana ukali wa kutosha kwa nembo. Aliyewahi kulala kwenye hema Serengeti na kusikia simba akiita usiku, ile hoo, hoo, hoo nzito inayoshuka taratibu na kufifia, anajua hapo nani amekosa nini.

Tofauti ninayoitetea ni hii. Fundi wa dubu amemtazama dubu hadi mwisho, kisha akatafuta njia ya kumrudishia kile ambacho umbali ulimnyima. Aliyemweka kookaburra Kongo hakutazama chochote. Vilevile simsamehe anayempa siafu kishindo cha farasi, ama anayemwekea buibui nyayo zinazogonga kana kwamba amevaa viatu. Hapo sauti imeacha kumtumikia mnyama, inamtumikia mtazamaji anayesinzia.

Kwenye filamu za anga uchaguzi mgumu zaidi ni kunyamaza. Angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti, na filamu nyingi zinalipuka kwa raha zao bila kujali. Stanley Kubrick alijali. Katika 2001: A Space Odyssey ya 1968 tunasikia pumzi ya mtu ndani ya helmeti, na mtu huyo anapouawa tunasikia utupu mtupu. Mwaka 2013 Gravity ilitafuta njia ya tatu, ya kijanja: milio inatufikia kupitia vazi la mwanaanga tu, anapogusa kitu, ikiwa imefifia kama mitetemo ya mifupani. Katika filamu hiyo nilijikuta nikisubiri mguso kwa hamu kuliko nilivyowahi kusubiri mlipuko.

Afrika Mashariki sauti hizi zina mpinzani wake. Kwenye vibanda vya video filamu huja na msimulizi juu yake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Nawapenda, na ufundi wao unastahili insha yake. Lakini msimulizi akifungua kinywa, nyayo zote zinakufa, na akinyamaza ghafla ili avute pumzi, sekunde ile moja ya mlango unaofunguka huwa tamu kupita maelezo. Nafikiri ndipo nilipoanza kusikiliza filamu.

Kisha ikaja sauti kutoka Mirihi. Chombo cha NASA, Perseverance, kilitua huko Februari 2021 kikiwa na maikrofoni, na kwa mara ya kwanza maikrofoni ikatusikilizisha upepo wa sayari ambayo watunzi wa hadithi wameipigia kelele kwa zaidi ya karne. Hafifu, mkavu, wa chini. Hewa ya huko ni nyembamba, sauti inakwenda mita 240 tu kwa sekunde, na milio mingi hufa njiani. Hakuna mkurugenzi wa filamu ambaye angeukubali. Tarehe 30 Aprili mwaka huo maikrofoni ilinasa helikopta ndogo, Ingenuity, ikiruka umbali wa mita 80 na zaidi kutoka kwenye chombo: mvumo wa mitetemo 84 kwa sekunde, uliozama ndani ya upepo hivi kwamba sikio la kawaida lisingeusikia. Basi wanasayansi wakaketi na rekodi yao. Wakapunguza kila kilichokuwa chini ya 80 na kila kilichozidi 90, wakaubakiza mvumo peke yake, wakaongeza sauti, ndipo wakatutumia tusikilize.