Sigara tatu na vitabu 11

Septemba 13, 1862, karibu na mji wa Frederick, Maryland, askari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliokota sigara nene tatu zilizofungwa kwa karatasi. Karatasi ile ilikuwa nakala ya amri ya vita ya Jenerali Lee wa Kusini. Harry Turtledove amegusa hapo tu: katika riwaya zake, wanaoiokota ni askari wa Kusini, nayo inarudi kwa wenyewe. Tangu hapo Marekani inakuwa nchi mbili, na mkasa unaendelea kwa vitabu 11 hadi vita vya 1944.

Ukishahamisha kitu kimoja, vingine vyote vinakudai hesabu. Ndiyo maana waandishi wa historia mbadala huvutia zaidi wanapokuja na ujuzi wa kazi nyingine. Eric Flint alikuwa fundi mitambo na mpiganiaji wa haki za wafanyakazi. Katika riwaya yake iitwayo 1632, anayeongoza mji wa hadithi hiyo ni mtu wa chama cha wachimba makaa. Sishangai.

L. Sprague de Camp alisomea uhandisi wa ndege. Katika riwaya yake Lest Darkness Fall, radi inamtupa mhusika mkuu, Padway, kutoka Roma ya Mussolini hadi Roma ya mwaka 535. Mwandishi mvivu angempa bunduki. Padway anamfundisha mkopeshaji fedha tarakimu za Kiarabu ili apate mkopo, kisha anakeneka brandi. Anaunda mashine ya uchapaji, lakini ngozi za kuandikia hazitoshi. Mzinga wake nao unamshinda kabisa. Kushindwa huko nakupenda mno, maana aliyekuandika ni mhandisi aliyeona vitu vikigoma.

Turtledove alikisoma kitabu hicho ujanani, kikamtia hamu ya Byzantium hadi akapata udaktari wa historia UCLA mwaka 1977. Riziki yake, hata hivyo, ilitoka kwenye nyaraka za kiufundi alizoandikia ofisi ya elimu ya Los Angeles hadi 1991. Vitabu vyake vya kwanza vilibeba jina la Eric Iverson, kwani mhariri aliona hakuna atakayeamini kwamba mtu anaitwa Turtledove!

Katika The Guns of the South (1992), Makaburu kutoka siku zijazo wanamletea Lee AK-47. Wazo la kuchekesha, ndiyo. Lakini Turtledove alitafuta orodha ya askari wa kikosi cha 47 cha North Carolina, akawaingiza kwa majina yao. Hata Mollie Bean, mwanamke anayepigana humo kwa mavazi ya kiume, hakubuniwa: alikamatwa kweli mwaka 1865, akiwa amevaa sare.