Joto na Halijoto katika Mafundisho ya Injini

Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilikwenda kwa mvuke hata miaka ya 1970, ilipotiwa injini za dizeli. Moto wa mvuke huonekana tanurini. Katika dizeli pistoni hushindilia hewa hata mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe, pasipo cheche. Uigaji wa kompyuta huyadhihirisha hayo vema. Walakini mwalimu anenapo kwamba “joto limepanda bila kutiwa joto”, mwanafunzi ana haki ya kushangaa. Kilichopanda ni halijoto, kwa kazi ya pistoni. Joto ni nishati ipitayo kutoka penye moto kwenda penye baridi. Wengine husema jotoridi, neno ambalo kwa maoni yetu ni “baridi” iliyokatwa kichwa na kubandikwa kwa jirani yake. Hata hivyo, latenga maana mbili ambazo kioo cha kompyuta huzichorea mistari miwili.