Kisu Kinachoponya Ukwato

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili, na wote walikufa kabla msafara haujafika mbali na pwani. Alipokatiza nchi ya Wakonongo akikwepa vita vya mtemi Mirambo, wanyama wake wa kazi walikuwa punda. Hadi leo farasi ni mgeni hapa Inyonga, katika nchi hiyohiyo ya Wakonongo: miombo ina mbung'o, na mbung'o hana huruma na farasi. Kwa hiyo huku kwetu sifa za fundi wa kwato zianzie kwa punda, ambaye naye huugua ugonjwa uleule unaowakosesha usingizi wenye farasi wa mashindano: ugonjwa wa mstari mweupe.

Mpanguse punda ukwato, uutazame kwa chini. Utaona ukuta mgumu wa nje, utaona wayo, na baina yao mstari mwembamba wa rangi ya maziwa yaliyoingia manjano. Hapo ndipo viwili hivyo vinaposhikana, na hapo ndipo palipo laini kuliko kwingine. Ukwato ukiachwa urefuke, kila hatua huusukuma ukuta kwenda nje na mstari huachana. Mvua za Novemba hadi Aprili huulainisha. Kokoto na tope huingia. Bakteria na kuvu hufuata, wakaula ukuta kwa ndani wakipanda juu. Kwa nje hakuna kidonda. Ukuta wa ukwato hauna hisia, kwa hiyo mnyama haonyeshi chochote mpaka mfupa ulio ndani uanze kukosa pa kushikilia. Tena punda ni hodari wa kuficha maumivu: anaweza kuendelea kula majani yake huku mguu umeharibika.

Fundi hasubiri achechemee. Husimama begani, akitazama mkia, akashusha kiganja taratibu juu ya mguu mpaka kwenye kifundo, na punda akikubali huuinua. Huchokonoa uchafu, kisha hugonga ukuta kwa mpini wa kisu na kusikiliza, kama mrina asali anavyogonga mzinga ajue umejaa au la. Penye afya pana mlio mzito. Palipoliwa panaitika utupu. Akiingiza ncha ya kisu hapo, hutoka unga wa kijivu unaomomonyoka kama chaki iliyolowa.

Sasa ndipo ufundi unapoonekana. Mtu asiyejua atamimina dawa na kuziba tundu, na kwa kuziba atawahifadhia vijidudu giza wanalolipenda. Fundi hufanya kinyume: hukata ukuta wote ulioachana, hata kama kwa nje unang'aa, mpaka afike penye pembe ngumu iliyoshikana. Huacha hewa iingie. Hupunguza urefu kwa koleo na tupa ili uzito usielemee upande mbovu, kisha humwagiza mwenye punda amlaze pakavu na kuchokonoa kila siku. Dawa huja baadaye, na kazi yake ni ndogo. Kilichobaki ni muda: ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukuta mpya hushuka kutoka juu kwa miezi mingi, pengine karibu mwaka. Kisu kimoja cha haraka, halafu subira ndefu. Ni mafundi wachache wanaoweza vyote viwili.

Lamu, ambako punda ndiye gari, wamekuwa na kliniki ya punda tangu 1987, iliyoanzishwa na Elisabeth Svendsen wa Uingereza. Bara tunahitaji mikono ya namna hiyo vijijini. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ni jambo jema, ila punda aliyeokolewa na kisu cha machinjioni akaachwa avute mkokoteni kwa kwato zilizooza ameokolewa nusu tu. Nusu ya pili iko kwenye kisu kidogo cha fundi, na kijiji kinachomheshimu mhunzi na mrina asali kina sababu ya kumpa fundi huyu kiti karibu nao. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Fundi wa kwato huyapokea kabla hata hajaanza kazi, na bado huinama.