Kufua au Kuvua

Barua yenyewe ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na kwenye mikunjo imeshaanza kutoboka. Ilikuwa kwa bibi yangu, kijijini Umwe, ndani ya sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki na risiti za korosho. Iliandikwa na babu yake alipokuwa kwenye kazi ya mikoko huko delta ya Rufiji, upande wa Simba Uranga. Lugha ni Kiswahili, herufi ni za Kiarabu. Mstari wa tatu unasema kwamba siku ya Alhamisi alikwenda kufua. Au kuvua. Herufi iliyopo ni fe yenye nukta moja juu, na makarani wengi wa zamani waliitumia fe hiyohiyo kwa f na kwa v.

Mjomba anasema mtu yuko delta, kazungukwa na maji pande zote, ataacha kuvua? Mama mdogo anamjibu kwamba Alhamisi mtu anafua kanzu ya Ijumaa. Wamebishana hivyo tangu nina akili zangu, na kila mmoja ana mashahidi wake.

Zamani niliuona ule ubishi wa bure. Nimebadili mawazo baada ya kukaa karibu na mafundi wanaohamisha hati za namna hii na kuzisimika kwenye majukwaa ya kidijitali. Wengi tunadhani kazi yao ni kupiga picha na kupakia. Kupiga picha ndiyo sehemu nyepesi. Shughuli inaanza pale fundi anapofika kwenye ile fe na kujiuliza aandike nini.

Na fe si peke yake. Be ilibeba b, p na mara nyingi mb pia, kwa sababu mlio wa pua kabla ya herufi haukuandikwa. Andika be mbili zenye fataha, utapata baba, papa, bamba au pamba, chagua mwenyewe. Kasra moja ilisimama badala ya i na e, dhumma badala ya u na o. Karani hakuwa mzembe. Alimwandikia mtu anayeijua lugha na habari yenyewe, kwa hiyo hakuona haja ya kumtafunia. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliopungukiwa.

Kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kilatini hakina budi kuchagua. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ulitolewa na msomi Whiteley mwaka 1957, na wengi wetu tumeujua kwa sura hiyo ya chapa. Tunashukuru. Lakini katika chapa ya aina hiyo neno moja hushinda, na lililoshindwa humpotea msomaji. Jukwaa lililotengenezwa vizuri halimlazimishi mtu kuchagua. Upande mmoja unaona picha ya karatasi na madoa yake, upande wa pili herufi za Kiarabu zilizochapwa upya, chini yake Kilatini. Ukigusa neno la mstari wa tatu yanatokea yote mawili, kufua na kuvua, pamoja na sababu za kila upande. Kuna kanuni za kimataifa zinazoitwa TEI, ambazo kazi ya kuziandaa ilianza mwaka 1987, zinazomwelekeza fundi aweke alama gani pale neno lisiposomeka, pale karani alipofuta akaandika juu, pale wasomaji wawili walipotofautiana. Ni kazi ya kuchosha macho. Ukurasa mmoja unaweza kumla mtu siku nzima, na mgeni akiutazama hataona hata tone la jasho, kama ambavyo hakuna anayehesabu kili ngapi zimeunganishwa kwenye mkeka wa Rufiji anaoukalia.

Kwetu kuna jina moja linaloonyesha ugumu wa kazi hii kuliko mfano wowote. Mganga wa Ngarambe wa vita vya Maji Maji, aliyenyongwa na Wadachi huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 huandikwa Kinjikitile katika vitabu vya historia. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake mwaka 1969 aliiita Kinjeketile. Mwanafunzi wa Ikwiriri akiandika jina moja kwenye sehemu ya kutafutia, mashine isiyofundishwa itamnyima yote yaliyoandikwa kwa jina la pili. Mohoro nayo utaikuta Mohorro kwenye hati za Wadachi. Fundi mzuri hukaa akatengeneza orodha ya majina na ndugu zake, ukiita mmoja wanaitika wote. Kinachonichekesha ni kwamba kwa herufi za Kiarabu ugomvi huo usingekuwapo: i na e zote kasra, Kinjikitile na Kinjeketile wangeandikwa sawasawa. Tulihama kwenye mwandiko mmoja ili tuone wazi zaidi, tukajikuta na watu wawili.

Mali ya kuweka ipo. Msomi J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanyia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miswada na kanda za sauti, na orodha yake ikachapwa Leiden mwaka 1970. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hichohicho walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji. London, chuoni SOAS, zimo hati za William Taylor na William Hichens, na Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa ni mmoja wa waliokaa nazo hadi zikapata orodha inayosomeka kwenye intaneti. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Huko Houston, Marekani, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaifanya kazi hii tangu miaka ya 1990: wanatafuta magazeti, barua na vitabu vya Kihispania vilivyoandikwa humo nchini mwao na kusahauliwa, wanavitoa upya. Nao wanatoa katika masanduku ya bibi zao, si katika maktaba kuu peke yake.

Kanda za Allen nazitaja kwa makusudi. Utenzi hausomwi kwa macho, unaghaniwa. Jukwaa lenye picha na maandishi bila sauti limeleta pilau bila viungo. Vina vinavyoonekana kuvunjika kwenye karatasi mara nyingi huwa vizima mdomoni mwa mghani, na sauti ndiyo inayoweza kumwambia fundi kwamba pale kasra ilikuwa e.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo mtu wa mjini halioni. Picha nzuri ya hati ni nzito. Ukiiachia ishuke nzima kwenye simu ya mtu wa Nyamisati, bando lake limekwisha kabla hajafika mstari wa kwanza. Kwa hiyo picha hukatwakatwa vipande kama vigae, na simu huvuta vile tu ambavyo msomaji anavitazama. Akikuza kona yenye fe, inashuka kona yenye fe. Nikiulizwa jukwaa gani ni zuri sitaanza na rangi zake wala nembo za wafadhili pale chini. Nitalifungulia stendi ya Ikwiriri saa sita mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Halafu liwe na mahali pa kujibu, la sivyo ni kabati la vioo tu. Neno ambalo profesa wa mbali ameliwekea alama ya kuuliza, mvuvi wa Mbwera huenda analitumia kila siku. Jibu lake lipokewe, lipimwe, liandikwe kwamba limetoka delta, likae pembeni ya lile la profesa. Ubishi wa mjomba na mama mdogo ungepata nafasi yake, na bila shaka wangepatikana wa kuwaunga mkono pande zote mbili.

Nasema haya mapema kwa sababu maji hayasubiri. Mwaka 1968 mto ulifurika, na mwaka uliofuata Operesheni Rufiji ikaanza kuwahamishia watu kwenye ardhi ya juu. Aprili 2024 maji yalirudi Rufiji na Kibiti, watu wakabeba walichoweza. Anayekimbia mafuriko hubeba mtoto, godoro na sufuria.

Basi kama kwenu kuna sanduku la namna ile, mkiwa Umwe, Mohoro, Kilwa au Muscat, msipeleke karatasi stendi ikafungwe kwenye plastiki ya moto, maana haitoki tena. Isogezeni dirishani asubuhi, wekeni rula kando yake, zimeni mwanga wa simu, pigeni picha mbele na nyuma. Andikeni ilikuwa kwa nani na nani aliwapa. Na mkishindwa kusoma neno, liacheni kama lilivyo.