Lugha ya Wakati Ujao katika Walenisi na Pumzi

Bunilizi ya kisayansi huujenga ulimwengu usiokuwapo kwa lugha iliyopo. Kwa hiyo uteuzi wa lugha ni sehemu ya maana yake. Katika riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani, na anafika katika sayari yenye usawa. Jina la sayari hiyo ni sentensi kamili: wale ni sisi. Kitenzi kishirikishi kinawalinganisha walio mbali na nafsi ya kwanza wingi, na dhamira nzima imebebwa na sarufi.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009), ina jina la Kiswahili, na jamii ya Maitu ina jina la Kikuyu, lakini mazungumzo ni ya Kiingereza. Uteuzi huo waweza kutetewa: Kiingereza ndicho sauti ya mamlaka inayomzuia Asha kutoka nje. Hata hivyo, Asha anapoupanda mche jangwani, ni mmea unaofufuka, si lugha. Kiswahili kinabaki mlangoni mwa wakati ujao ambao Mkangi alikwisha kukiingiza ndani.