Sifa za Mkono wa Kushoto

Mkono wa kushoto hatuusifu. Hauli, hautoi, hausalimii. Mtoto akiupeleka kupokea kitu huulizwa mkono mzuri uko wapi. Wangu nilijua thamani yake nilipoanguka na bodaboda nikirudi kwetu Makoko, kando ya ziwa, nikavunjika mifupa yote miwili chini ya kiwiko. Hogo lilipofunguliwa mifupa ilikuwa imeunga, ila kiganja kikagoma kugeuka juu. Ndoo nabeba. Kukinga kiganja kama mwomba dua siwezi.

Na kupiga picha, kumbe, ndiko kukinga kiganja huko. Vitufe vikuu vya kamera viko kulia, basi mkono wa kulia ndio unaojulikana: ndio unaobonyeza. Lakini uzito wa lenzi hulala kushoto, kiwiko kimebanwa ubavuni, vidole vikizungusha pete ya fokasi. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukiwa na lenzi ya milimita 200, kasi isipungue sehemu moja ya 200 ya sekunde, la sivyo mtikisiko wako utaingia pichani. Aliyeitunga alidhani sote tuna mikono miwili.

Siku hizo nilimfikiria sana Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliitikisa dunia. Juni 1991, akiwa kazini, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mrekodi sauti wake, John Mathai, alikufa palepale. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini, hadi Novemba 1996 alipokufa katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro. Watu husimulia ujasiri wake. Mimi nina swali dogo la kifundi: ile pete, aliizungusha vipi?

Yangu ni mapenzi tu, wala hakuna anayenilipua. Nimeshona mfuko wa kitenge kuukuu, nikaujaza mchanga wa ziwani. Nauweka juu ya jiwe, na Makoko haikosi mawe, kisha nalaza lenzi juu yake. Kabla ya hapo nilijaribu bega la mjukuu wa jirani. Mtoto ana bidii, tatizo anapumua.

Mfuko wa mchanga haukimbizani na kitu. Zamani nilizunguka ufuko mzima, nikarudi na picha mia za haraka haraka. Sasa nachagua jiwe moja kwenye saa kumi na moja jioni, nakaa. Kina mama wanazoa dagaa waliokauka, mitumbwi inapakia taa, jua linashuka upande wa maji. Huku kwetu likishazama giza halikupi nafasi ya kujipanga. Kabla halijazama huja mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Anapepea palepale hewani, mabawa yanahangaika, lakini kichwa kimetulia tuli kana kwamba kimepigiliwa msumari. Hana jiwe, hana mfuko. Namwonea wivu kila jioni.

Juzi alijitupa, nami nikabonyeza.

"Babu, umempata?" mtoto akauliza, akichungulia kioo cha kamera.

Yalikuwepo mawimbi ya duara, na tone moja bado liko juu.

"Mbona hayupo?"

"Yupo. Yuko chini ya maji."

Akatazama tena, akanirudishia kamera kwa mikono miwili.