Lala Chini ya Mkonga Kabla ya Kulipa

Ukitaka kujua kama Land Cruiser mkonga limetengenezwa kwa ajili ya porini au limepambwa tu, usianze na rangi wala taa za juu. Tandika gunia, washa tochi, lala chini.

Wanunuzi wengi Arusha hubishana kuhusu vifaa vya kiwandani na vya kufungiwa gereji. Msimamo wangu ni huu: kinachozungusha magurudumu kitoke kiwandani, kinachobeba mzigo akichague mwenye mzigo.

Chukua difu loki. Kwenye mkonga uliokuja nazo, swichi ni ya kuzungusha: hatua ya kwanza inafunga difu ya nyuma, ya pili inafunga na ya mbele. Taa kwenye dashibodi humeta mpaka meno yakamatane, ndipo hutulia. Usiridhike na kuiona swichi. Peleka gari kwenye udongo laini, funga, songa taratibu, subiri taa itulie. Mota yake imekaa kwenye difu penyewe, inapigwa tope na maji, na isipotumika muda mrefu hukwama. Pamoja na kasoro hiyo ningeichagua, kwa sababu kufunga loki ya nje maana yake ni kufungua difu nzima, na meno ya difu hupangwa kwa vipimo vidogo kuliko milimita moja. Mafundi wanaoiweza kazi hiyo vizuri si wengi.

Springi ni habari nyingine kabisa. Kiwanda hakijui utabeba watalii, matenki ya maji au saruji. Watengenezaji makini wa nje, kama Old Man Emu wa Australia, huuza springi kulingana na uzito unaokaa kwenye gari siku zote. Ngao ya chuma na winchi peke yake huweza kuongeza kilo 80 na zaidi mbele. Kwa hiyo pima gari kwanza. Muuzaji ambaye swali lake la kwanza ni "unataka inchi ngapi?" mwache. Ukilinyanyua sana pickup la Land Cruiser 79, mhimili wa mbele hubadili pembe yake na gari huanza kutangatanga kwenye lami. Ukizidi milimita 50 bila kurekebisha pembe hiyo, umeharibu usukani.

Shokapu hazihitaji maneno mengi. Ukitoka lango la Naabi ukafika Seronera, huko Serengeti, kwa ile barabara ya mikunjo, simama, sogeza mkono karibu na kila moja. Zote nne ziwe za moto. Iliyobaki baridi haifanyi kazi, hata kama ilifungwa juzi na bado inang'aa.

Na mkonga wenyewe, yaani bomba la kuvutia hewa? Mingi ya kiwandani imewekwa ili injini ivute hewa isiyo na vumbi, si kwa ajili ya kuvuka mto. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja. Injini izimike. Ikiendelea, kuna mahali inavuta hewa kwa pembeni, na hapohapo maji yatapita.

Narudi chini ya gari, maana kazi kubwa ya gereji zetu ni kukata chasisi na kuirefusha ili kupata viti zaidi. Ikifanywa vizuri, gari hudumu miaka. Tafuta mshono. Fundi bora hukata kwa mshazari, huweka kipande cha ndani, kisha hufunika kwa bamba la nje lenye ncha zilizochongwa, ili mzigo usikusanyike mahali pamoja. Angalia pia kama propela shafti iliyorefushwa imepewa beringi ya katikati, na kama mabomba ya breki yamebanwa au yananing'inia. Rangi nzito mpya iliyopakwa hapo tu ikutie shaka. Ikwangue kidogo kwa ruhusa ya mwenye gari. Ukikuta mshono mmoja wa wima usio na bamba, rudisha funguo.